Ghala la shamba limekuwa nyumba ya kaya kumi na sasa linasumbua: tafuta chanzo kabla ya kununua saruji

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mbweni hadi Pugu, Chanika na ng'ambo ya Kigamboni, jiji limeyafuata mashamba na kuyameza. Mikorosho na minazi imepisha viwanja, lakini majengo mengi yamebaki: maghala ya korosho na kopra, mabanda ya ng'ombe wa maziwa, nyumba za wasimamizi zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, safu za vyumba vya vibarua. Ndugu wa ukoo mmoja, vikundi vya kuweka na kukopa, hata wapangaji waliochoka kuhamahama wanayachukua kwa pamoja na kuyageuza makazi. Nawaunga mkono. Kuta zipo, paa lipo, uwanja wa kuanikia mavuno unakuwa uwani wa watu wote, na gharama ya kuanza ni nafuu kuliko kufyatua tofali upya.

Tatizo huja mwaka wa pili. Plasta inabanduka, karo linafurika, umeme unagombanisha watu, na kila mtu anasema "jengo limezeeka". Ninavyoyaona majengo haya, mengi hayaumwi uzee. Yanaumwa ukarabati. Ghala lilijengwa likae kavu na lipitishe hewa, na wakazi wake walikuwa magunia. Gunia halipiki, haliogi, halifui, halipumui usiku kucha. Ukiweka kaya kumi humo umeleta maji mengi ambayo jengo halijawahi kuyaona, kisha fundi akaja akaziba kila mahali maji hayo yalipokuwa yakitokea. Kwa hiyo kwa karibu kila dalili iliyo hapa chini swali la kwanza ni hili: maji yameingilia wapi, na nani kayafungia mlango?

Plasta inavimba na kubanduka, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno

Hii ndiyo inayoongoza. Rangi inatoka magamba, ukiigonga plasta kwa kifundo cha kidole inalia kama kitu chenye uwazi ndani, na ukiikwangua unabaki na unga mweupe mkononi. Juu ya kiuno ukuta ni mzima kabisa.

Maji yanapanda kutoka ardhini. Kuta za zamani za matumbawe hazina nailoni wala lami ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Zilijengwa kwa mawe, chokaa na udongo, na siku zote zilikuwa zikinyonya maji kidogo ya chini na kuyaacha yakaukie usoni, kwa kuwa plasta yake ya chokaa inapitisha hewa. Hakuna aliyeona shida. Kisha akaja fundi akasema, "Bosi, hii chokaa imechoka, tupige saruji ya nguvu." Saruji ikafunga uso wa ukuta. Maji hayakuacha kupanda; yalikosa pa kutokea yakapanda juu zaidi, na chumvi yaliyobeba ikaganda nyuma ya plasta, ikaisukuma mpaka ikaachia. Mwenye nyumba anapiga plasta ya pili yenye saruji nyingi zaidi na dawa ya kuzuia maji. Msimu unaofuata unyevu uko usawa wa kifua.

Simlaumu sana fundi. Kiwanda cha Wazo kilianza kutoa saruji mwaka 1966, na tangu hapo kizazi kizima cha mafundi wa Dar kimekulia kwenye mfuko wa saruji. Chokaa wanaijua ya kupaka tu, ile ya kung'arisha ukuta wakati wa Idi na Krismasi.

Kabla ya kugusa ukuta, toka nje. Angalia kwanza kimo cha udongo. Miaka ya kufagia, kulima bustani na kumwaga kifusi imeupandisha uwanja mpaka ukapita sakafu ya ndani, na hapo ukuta umezikwa. Angalia pia paa linamwaga wapi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Ghala lenye paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 50 ikipiga usiku mmoja wa Aprili, linamwaga lita 10,000. Kama halina gata, maji yote hayo yanadondokea kwenye kisigino cha ukuta. Kisha angalia zege la kuzunguka nyumba lililomwagwa wakati wa ukarabati: mara nyingi limeinamia ukutani badala ya kuinamia uwanjani. Mwisho tafuta bafu jipya. Likiwa limeegemezwa kwenye ukuta wa zamani, bomba lake nalo ni mtuhumiwa.

Namna ya kutofautisha ni kufuata kalenda. Chora mstari wa penseli pale unyevu unapoishia, andika tarehe. Ukipanda masika, Machi hadi Mei, na kushuka kipupwe, maji ni ya nje. Ukibaki palepale Agosti jua likiwaka, tafuta bomba linalovuja.

Tiba huenda kwa mpangilio, na anayeruka hatua ya kwanza anatupa pesa ya hatua ya mwisho. Shusha udongo wa nje uwe angalau shibiri moja chini ya sakafu. Weka gata na uyapeleke maji ya paa kwenye simtanki au mbali na ukuta. Rekebisha mwinamo wa zege. Ndipo ubandue plasta ya saruji yote, upite usawa wa unyevu kwa nusu mita, usugue chumvi kwa brashi kavu, na uuache ukuta uchi. Uache kweli. Ukuta wa sentimita 50 unataka miezi mingi kukauka, ndiyo maana kazi hii napenda ianze Juni. Watu wanaweza kuendelea kuishi ndani. Ukuta mchafu haujamuua mtu.

Kisha piga plasta ya chokaa: chokaa moja, mchanga wa mto tatu. Usichote mchanga wa ufukweni, unarudisha chumvi ileile uliyoisugua. Piga tabaka nyembamba, kama sentimita moja kila moja, na ulifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu chokaa inaganda kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole na ikikaushwa na jua siku ya kwanza inageuka vumbi. Paka chokaa juu yake au rangi ya maji. Usipake rangi ya mafuta. Na vigae vya ukutani sebuleni, ile fasheni ya kupandisha vigae hadi kiunoni ili "kuficha unyevu", viache dukani.

Ukuta unalia Januari, mvua hakuna

Doa la unyevu halibadili umbo. Alfajiri linang'aa maji, saa sita mchana ni kavu, jioni limerudi. Umeshaweka gata, umeshachimba mtaro, halisikii.

Hapo uliza jengo lilihifadhi nini. Chumvi iliyoingia ukutani inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha mwaka mzima. Karibu na mashamba ya chumvi kama yale ya Kunduchi, stoo ya zamani inaweza kuwa imeshiba chumvi hadi katikati ya jiwe. Banda la ng'ombe lina mkojo wa miaka mingi, ambao ni chumvi ya aina nyingine. Ghala la mbolea vilevile. Wazee hulamba ukuta kuhakikisha. Usilambe, maana hujui kingine kilichowekwa humo.

Na hilo ni jambo la kuangalia lenyewe. Ghala la korosho huenda lilihifadhi salfa ya kupuliza mikorosho, na maghala ya zamani ya shamba yalihifadhi viuadudu ambavyo leo havitumiki tena. Kukiwa na harufu ya dawa inayopanda jengo likifungwa siku nzima na jua likalichoma, usitatue kwa kupaka rangi. Vunja tabaka la juu la sakafu, ondoa vumbi lake likiwa limeloweshwa, mwaga sakafu mpya, na chumba hicho kisiwe cha watoto.

Kwa chumvi yenyewe, loweka magazeti kwenye maji safi, yaponde mpaka yawe uji mzito, yabandike ukutani unene wa vidole viwili na uyaache yakauke. Yakikauka yanavuta chumvi. Yabandue, rudia. Inapunguza, haimalizi. Pale isipomalizika, badili mpango wa vyumba: ukuta huo uangalie korido au stoo ya majembe, kitanda kiende upande mwingine.

Ukungu mweusi kwenye kona za juu, nguo kabatini zinanuka

Huu si unyevu wa ardhini, lakini watu hutumia dawa ya ule. Chukua kipande cha nailoni chenye ukubwa wa karatasi ya daftari, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache hadi kesho yake. Matone yakiwa upande wa chumbani, maji ni ya pumzi, sufuria na nguo zilizoanikwa ndani. Yakiwa upande wa ukutani, rudi kwenye vifungu vilivyotangulia.

Chanzo karibu kila mara ni tundu za hewa. Ghala lilikuwa na matundu juu ya ukuta, chini ya paa. Waliohamia wameyaziba kwa maboksi na saruji wakiogopa mbu na wezi. Yafungue, weka nyavu na nondo.

Nyufa

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mpya ni wa plasta, uache. Ufa unaoanzia kona ya dirisha kwenda juu kimshazari ni wa dirisha lililopanuliwa bila lenta, ile boriti ya kubeba ukuta juu ya dirisha. Ufa unaofuata viungo vya mawe kwa ngazi ngazi, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, unasema msingi unashuka upande mmoja: karo lililochimbwa karibu na ukuta, mfereji wa maji ya kuogea unaomwaga palepale, au mzizi wa mti.

Kuna aina moja inayonitia hofu zaidi. Nyumba za zamani za boriti zina vyumba vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba zaidi ya hapo bila kulegea. Kikundi kinaingia, kinataka ukumbi wa mikutano, kinavunja ukuta wa kati. "Ni ukuta wa kugawia tu," wanasema. Ule ukuta ndio uliokuwa umeshika ncha za boriti za pande mbili. Ukiona ufa mlalo chini ya dari, au dari limeanza kushuka tumbo, weka nguzo za mirunda leo, watu walale kwingine, ndipo uite mhandisi.

Kwa nyufa nyingine, pima kabla ya kuziba. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha mbili za ufa, na ubandike kipande cha kioo juu yake kwa saruji kidogo. Kioo kikipasuka, ufa unatembea, na kuuziba ni kuuficha tu. Kikibaki kizima kupita masika na vuli, ziba kwa chokaa na vipande vya mawe.

Kikohozi cha chumba cha kwanza kinasikika chumba cha sita

Watu hunicheka ninapoipa dalili hii nafasi kubwa kuliko nyufa. Kelele zinavunja makazi ya pamoja haraka kuliko mvua, na zaidi ya hapo, njia inayopitisha sauti ndiyo inayopitisha moshi.

Ghala ni chumba kimoja kirefu chini ya paa moja. Anayeligawa vyumba anajenga kuta za tofali au mbao hadi kimo cha mlango au kidogo zaidi, kisha anapigilia siling bodi juu ya kila chumba. Juu ya bodi hizo, kati ya dari na bati, kuna uwazi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa jengo. Mtoto wa chumba cha tatu akilia, sauti inapanda, inatembea chini ya bati, inashukia kila mahali. Jiko la mkaa likiangusha kaa kwenye godoro chumba cha tatu, moto unapanda njia hiyohiyo, unazikuta kenchi kavu za miaka 60, na kabla wa chumba cha nane hajaamka paa la kwake linawaka.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi: panda ngazi, ondoa bodi moja, washa tochi. Ukiona mwanga unafika mwisho wa jengo, una tatizo hata kama wakazi wenu ni watu wa kunong'ona.

Tiba ni kuzipandisha kuta za kugawia mpaka zikutane na bati. Zote ikiwezekana, ikishindikana, angalau kila baada ya vyumba viwili. Tofali za inchi tano zinatosha. Penye kenchi inayopita, jenga kwa kuizunguka na uzibe mapengo kwa plasta. Msidanganyike na plaiwudi wala maboksi ya mayai. Hayo yanapunguza mwangwi kidogo na yanaongeza cha kuungua. Lakini ukishafunga juu kila chumba kinabaki na hewa yake yenyewe, kwa hiyo kila kimoja kipate tundu lake la hewa la nje. Nimekuta kazi nzuri ya kuta iliyogeuza vyumba vya kati kuwa tanuri, kwa sababu aliyefunga juu hakufungua pembeni.

Mlango wa pili nao. Ghala lina mlango mmoja mkubwa mbele, wa kuingiza mkokoteni. Nyumba za Uswahilini za vyumba sita zenye korido katikati zina mlango wa mbele na wa uwani, na waliozibuni walijua walichofanya. Toboa wa nyuma. Na jiko la mkaa libaki uwani, chini ya kibanda chake, hata mvua ikinyesha. Kulala na mkaa ndani ya chumba kilichozibwa tundu kunaua bila moshi wa kuonekana.

Joto

Makuti yaliondolewa, bati likawekwa, dari hakuna. Weka dari, acha pengo la hewa chini ya bati lenye nyavu pande zote mbili za jengo, na bati likichakaa nunua la rangi nyeupe. Mti wowote ulio upande wa magharibi usiukate ila kama mizizi imeshafika msingini.

Karo linajaa mapema mno

Hapa piga hesabu kwanza, hasira baadaye. Shimo la choo la shambani lilichimbwa kwa ajili ya msimamizi na mkewe. Watu 35 wakitumia lita 60 kila mmoja ni lita 2,100 kwa siku, zaidi ya simtanki la lita 2,000. Kama shimo linajaa taratibu na kwa mwendo uleule mwaka mzima, ni dogo tu, na hakuna dawa ya unga itakayolikuza.

Likijaa siku chache baada ya gari la majitaka kunyonya, fanya jaribio la fimbo. Usiku watu wakishalala, zamisha fimbo ndefu ndani ya shimo na uweke alama ya kimo. Rudia alfajiri kabla mtu wa kwanza hajaingia chooni. Kimo kikiwa kimepanda wakati hakuna aliyetumia, maji ya ardhini yanaingia. Ni kawaida kwa maeneo ya chini karibu na bahari wakati wa masika, na kunyonya shimo la namna hiyo ni kulipia kuinyonya bahari. Linahitaji kuta na sakafu zisizopitisha maji, na shimo la kunyweshea, lile linalopokea maji ya karo na kuyaachia ardhini, liinuliwe, lisichimbwe chini. Kimo kikibaki palepale bila kushuka hata kidogo, shimo la kunyweshea limeziba kwa mafuta ya kupikia na sabuni.

Kwa hali zote hizo, njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuyatenganisha maji. Ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo yasiingie kwenye karo kabisa. Yapitishe kwenye kichemba kidogo cha kunasia mafuta, kisha kwenye migomba. Mgomba unayapenda. Shimo la choo linabaki na kazi yake peke yake, na bili ya kunyonya inashuka. Kisima cha kunywa kiwe mbali na karo, mita 30 kwa uchache, na upande wa juu wa mteremko. Kama kisima na choo vya zamani vimekaribiana kuliko hapo, kisima kiwe cha kumwagilia tu, watu wanywe ya DAWASA au ya kuchemsha.

Uniti zinaisha na kila mtu anamshuku mwenye friji

Kabla ya kumshuku mtu, soma bei. TANESCO ina bei nafuu kwa mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Kaya kumi zikichangia mita moja ya LUKU zinavuka hapo wiki ya kwanza, na pesa ileile mliyozoea kununulia kila mmoja kwake sasa inaleta uniti chache. Hakuna mwizi hapo. Ombeni mita kwa kila kaya pale inapowezekana. Pasipowezekana, wekeni mita ndogo ndani, na taa za korido, uwani na pampu ziwe na mita yake inayolipwa na wote.

Ukishuku uvujaji, zima swichi zote za vyumba, uache mein (swichi kuu) pekee. Taa nyekundu ya mita ikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali. Katika majengo haya mara nyingi ni waya wa zamani uliozikwa ndani ya plasta yenye unyevu, na hapo tatizo la kwanza na hili ni moja. Swichi inayopata moto ukiigusa, au taa zinazofifia jirani akipiga pasi, ni waya mwembamba uliobebeshwa. Usibadili swichi, badili waya, na uhakikishe nondo ya ethi ipo na imeungwa. Ghala halikuwa nayo.

Unga wa mbao sakafuni, vichuguu vyembamba vya udongo ukutani

Unga mkavu ni wa wadudu wa mbao. Vichuguu ni vya mchwa. Chukua bisibisi uchomee ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana hapo ndipo zinapoozea kwanza, huku katikati zikionekana nzima. Ikizama bila kubisha, boriti hiyo imekwisha. Mchwa unapenda mbao yenye unyevu, kwa hiyo dawa bila kukausha ukuta ni kuwafukuza wageni huku chakula kiko mezani. Mikoko ni hifadhi, boriti mpya hazikatwi ovyo. Tumia mbao zilizotiwa dawa, na ncha yake usiizike kwenye saruji, iachie nafasi ya kupumua.

Kila mtu anaishi humo, hakuna anayelipia paa

Dalili: gata limekatika tangu masika iliyopita, wote wanalijua, na mazungumzo kulihusu huanza na neno "wao". Chanzo kiko kwenye karatasi. Jengo limeandikwa jina la mtu mmoja, mara nyingi yule aliyekuwa na pesa ya kianzio au kaka mkubwa, na wengine wanajihisi wapangaji. Mtu hatengenezi paa ambalo watoto wa mwingine ndio watakaorithi.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu watu kumiliki ardhi kwa hisa, kila mmoja na fungu lake lililoandikwa, na akifariki fungu linakwenda kwa warithi wake. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu hata hati ya sehemu ya jengo, pamoja na chombo cha kusimamia paa, korido na uwani. Jengo la shamba linahitaji pia kibali cha kubadili matumizi kuwa makazi, kupitia halmashauri ya eneo. Na ukivuka mpaka kuingia Kisarawe uko Mkoa wa Pwani, penye ardhi ya kijiji inayosimamiwa kwa sheria yake, Na. 5 ya 1999. Mwenyekiti wa mtaa kugonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano hakumalizi hayo.

Lakini karatasi nazo hufuata mazoea. Wakazi wa Kurasini walioondolewa kupisha upanuzi wa bandari walinunua ekari 30 Chamazi kwa pamoja kupitia vikundi vyao vya kuweka akiba, na akiba ilikuwepo kabla ya tofali la kwanza. Kikundi ambacho hakijawahi kuchanga hata pesa ya balbu ya korido kisianze na ghala.

Pa kuachia zana chini

Bati nene za kijivu zenye mawimbi, zinazovunjika kama kigae badala ya kupinda, huenda ni za asbesto. Zilipendwa sana katikati ya karne iliyopita. Usizikate, usizitoboe, usizifagie zikiwa kavu, wala usiwaache vijana wazivunje kwa nyundo uwanjani wanapochezea watoto. Zikiwa nzima na hazichakai zinaweza kubaki na kuwekewa dari chini. Zikihitaji kutoka, zishushwe nzima zikiwa zimeloweshwa, na ushauri wa mahali pa kuzizika uombwe NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Magofu nayo ni habari nyingine. Kunduchi na Mbwamaji kuna makaburi na misikiti ya mawe ya karne zilizopita, na shamba la jirani linaweza kuwa na ukuta wa umri huohuo umemezwa na mtambaazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kilichojengwa kabla ya 1863. Inaitaja pia milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940, na hili ndilo linalowapata wengi, maana nyumba ya msimamizi inaweza kuwa na mlango wa namna hiyo umepakwa rangi ya kijani mara saba na kugeuzwa mlango wa stoo. Ukiukwangua kidogo ukakuta maua na mnyororo wa kuchonga, uache kwenye fremu yake, upige picha, na barua iende Idara ya Mambo ya Kale kabla dalali hajapita.